Elimu Haina Mzee: Jinsi Nilivyojipangia Kujifunza Kichina

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kununua kifaa kilichoandikwa maneno usiyoyajua, ukakitazama kile kikaratasi kilichofungwa pamoja nacho, kisha ukakitupa jalalani. Mimi nilifanya hivyo mwezi Juni mwaka 2023, na kosa hilo likaigharimu nyumba yangu akiba ya miaka minne. Nakusimulia mkasa huu si kwa kutaka unionee huruma, bali kwa sababu ndio uliokuwa mwalimu wangu wa kwanza wa lugha ya Kichina.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, mzaliwa wa Rungwe, nami nakaa Mbeya mjini. Mama watoto ni Mhehe wa Iringa. Mwaka ule alipokea fungu lake kutoka kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nami nikaongeza nilichokuwa nacho, tukanunua mashine ya kukamua alizeti iliyotengenezwa China. Tuliipeleka Ismani, kwa shemeji yangu, kwa kuwa huko alizeti hulimwa, na wakulima wa jirani walikuwa wakihangaika na magunia yao kutafuta mahali pa kukamulia.

Kwenye giaboksi ya mashine ile palikuwa na karatasi nyekundu, imefungwa kwa waya, nayo ina maandishi makubwa ya Kichina. Shemeji akanigeukia mbele ya watu: "Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Hii inasemaje?"

Nami, kwa kiburi cha chaki, nikajibu kwamba bila shaka ni salamu za heri kutoka kiwandani, maana Wachina huipenda rangi nyekundu kwa mambo ya baraka. Tukaukata waya, tukawasha mashine.

Haikumaliza hata gunia la kwanza. Tulisikia mlio kama wa mawe yanayosagana, kisha ikaja harufu ya chuma kilichoungua. Fundi alipofungua giaboksi aliikuta kavu kama kibuyu cha mwaka juzi. Akatueleza kwamba mashine nyingi husafirishwa bila oili ili isivuje njiani, na kwamba anayeipokea ndiye apaswaye kuijaza kabla ya kuiwasha. Meno ya gia yalikuwa yameliwa yote.

Kijana wetu wa pili aliiokota ile karatasi nyekundu, akaipiga picha kwa simu yake ili simu iifasiri. Simu ikatoa neno moja tu la kutia moyo, kama vile watu wanavyoshangilia timu uwanjani: jitahidini! Tulibaki tukitazamana. Ilikuwa kana kwamba kiwanda kinatupigia makofi huku mashine yetu ikiwa imekufa. Baadaye kijana mmoja aliyesoma China alitufumbulia fumbo hilo. Maneno yale husomwa *jia you*, na maana yake ya asili ni "ongeza oili". Lakini Wachina huyatumia pia kumhimiza mtu anayekimbia, anayefanya mtihani au anayeumwa, kana kwamba wanamwambia aongeze mafuta katika taa yake. Simu iliijua maana ya uwanjani, ikaikosa maana ya karakana.

Mama watoto hakunilaumu. Alinyamaza siku tatu, na wewe uliyeoa unajua uzito wa kimya cha namna hiyo. Siku ya nne aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba, hasara ya mashine nimeisamehe. Kinachoniuma ni kwamba ulisema unajua, kumbe hujui."

Ndipo nilipoazimia kujifunza Kichina. Nilikuwa na umri wa miaka 51.

Naam, utaniuliza kwa nini nisingewaachia vijana kazi hiyo. Jibu langu lina historia ndani yake. Baba yangu alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA, upande wa Makambako, mji ambao leo uko Mkoa wa Njombe lakini wakati ule ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Mkataba wa reli hiyo ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli yote ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa nchi zetu mbili, Tanzania na Zambia. Sehemu iliyowatoa jasho zaidi ni ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, ambako milima ilibidi itobolewe na mabonde yajengewe madaraja. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika kazi ile.

Baba alirudi nyumbani na maneno kama kumi na mawili ya Kichina, yote ya kazi. Neno alilolitumia mno ni moja, ambalo yeye alilitamka "shaushini". Alitupigia kelele neno hilo kila tulipopanda mti au tulipokaribia ng'ombe mkali. Nilikua nikidhani ni Kinyakyusa cha wazee! Leo najua kwamba ni *xiaoxin*, yaani "jihadhari", na kwamba maneno yake mawili, yakitenganishwa, ni "dogo" na "moyo". Anayejihadhari huushika moyo wake ukawa mdogo. Fikiri, ndugu msomaji: neno hilo lilikaa katika nyumba yetu kwa miaka hamsini, na siku ya mashine hakuwapo hata mmoja wetu wa kulikumbuka.

Tena uhusiano wetu na watu wale haujaisha. Mwezi Septemba mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina wa kuifufua reli ile ile. Mwaka 2022 ulikuwa umetiwa saini mkataba wa kuuza parachichi zetu China, na parachichi ni zao letu sisi watu wa Rungwe, Njombe na Iringa. Pikipiki, pampu za maji, mashine za kukoboa, dawa za kunyunyizia mashamba: vingi vya hivyo vinakuja na maandishi yale. Je, tutaendelea kuvikata nyaya na kuvitupa vikaratasi vyake?

Basi mwezi Agosti mwaka ule nilijiandalia ratiba kwa mkono wangu, kwa wino wa rangi mbili, kama ratiba za shuleni. Ilisema kwamba kila usiku, saa mbili hadi saa nne, nitasoma Kichina. Ilidumu siku 11. Siku ya kwanza nilisoma kwa bidii hata nikasahau kula. Siku ya tano umeme ulikatika. Siku ya saba tulipata msiba. Siku ya tisa nilijaribu kulipa deni la siku mbili zilizopotea, nikakaa hadi saa sita, na kesho yake nikasinzia mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, nao hawakuacha kulitangaza jambo hilo shule nzima. Siku ya kumi na moja mama watoto alisimama mlangoni akasema: "Mashine ilichukua fedha zetu. Sasa karatasi zake zinamchukua na mume?" Nikakifunga kitabu.

Kwa miezi minne sikukifungua. Kilichonirudisha ni kumbukumbu ya mama yangu mzazi. Wenye umri wangu na zaidi mtakumbuka kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata kisomo kilienea hadi vijijini kabisa. Mama yangu alikwenda kisomoni mchana, baada ya jembe na kabla ya kupika, kwa muda mfupi, siku chache za wiki. Hakujipa saa mbili za usiku, maana hakuwa nazo. Na vitabu vya kisomo chenye manufaa, kama kilivyoitwa, havikuanza na hadithi za wafalme. Vilianza na zao analolilima msomaji mwenyewe, mahindi au pamba au ndizi. Mtu alijifunza kusoma neno ambalo mkono wake ulikwisha kulishika. Mama alijua kusoma mfuko wa mbolea kabla hajajua kusoma barua.

Hapo nikaliona kosa langu. Nilijipangia saa za mtu asiye na familia, na shabaha ya mtu asiye na kazi.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chuo kinachowafundisha lugha wanabalozi wa Marekani hukiweka Kichina katika kundi la lugha ngumu kuliko zote kwa mtu azungumzaye Kiingereza, na hukadiria saa 2,200 za darasani ili aimudu vyema. Mimi, nilipoihesabu siku yangu kwa uaminifu, niliona kwamba naweza kutoa dakika 45, siku sita za wiki. Kwa mwaka hizo ni saa 234. Kwa mwendo huo ningehitaji zaidi ya miaka tisa! Hesabu hiyo haikunikatisha tamaa; ilinipa akili. Nikaacha kusema "nitajifunza Kichina", nikasema "nitajifunza kusoma karatasi ya mashine, na kusalimiana na kuelewana bei na mtu anayeiuza." Shabaha ikapungua, na njia ikaonekana.

Sasa nikueleze ugumu wenyewe, kwa sababu ratiba isiyoujua ugumu wa kazi ni mapambo ya ukutani tu.

Ugumu wa kwanza ni sauti. Kichina sanifu, ambacho wenyewe hukiita Putonghua, yaani lugha ya watu wote, kina toni nne, na toni ikibadilika neno limebadilika. *Ma* ya sauti ya juu iliyonyooka ni mama. *Ma* inayopanda ni katani. *Ma* inayoshuka chini kisha ikainuka ni farasi. *Ma* inayoangushwa ghafla ni kutukana. Na kwa mfanyabiashara liko la hatari zaidi: *mai* ya toni ya tatu ni kununua, na *mai* ya toni ya nne ni kuuza. Ukikosea hapo umebadilishana kiti na mwenzako bila kujua.

Hapo ndipo nilipogundua jambo lililobadili ratiba yangu yote. Lugha nyingi za Kibantu hutumia toni, lakini Kiswahili hakina, na Kinyakyusa changu nacho kilikwisha kuipoteza. Kihehe kinayo. Asubuhi moja nilikuwa nikisikiliza somo jikoni, nikirudia *mai, mai*, nami naona ni neno lile lile. Mama watoto, akiwa anapuliza moto wa jiko, akasema bila kugeuka: "La kwanza limezama, la pili limeanguka. Wewe unayasema yote kama mtu anayesoma matangazo ya mnada." Nikarudia somo. Alikuwa amesema kweli tupu! Masikio yake, yaliyolelewa kwa Kihehe, yalisikia katika dakika moja kile ambacho mimi sikukisikia katika miezi.

Tangu siku ile hakuwa tena mtu anayenyang'anywa mume na karatasi. Akawa mkaguzi wangu. Yeye ndiye aliyenitafutia mifano ya toni kutoka nyumbani mwetu. Toni ya kwanza ni kama mwanakwaya aliyeshikilia noti moja. Ya pili ni kama mtu aliyeitwa toka nje naye akaitika "Ee?" Ya tatu ni kama mzee anayetilia shaka habari: "Mmh..." Ya nne ni kama mama anayemwamrisha mtoto mtundu: "Kaa!" Jaribu, ndugu msomaji, ukiwa peke yako. Usijaribu ndani ya basi, kama nilivyofanya mimi. Safari ya Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na tulipofika Igawa mzee aliyeketi karibu nami aliniuliza kwa upole kama ninapelekwa hospitali.

Ugumu wa pili ni maandishi. Kichina hakina alfabeti. Orodha ya alama za kawaida iliyotolewa China mwaka 1988 ina alama 3,500, na 2,500 kati yake ndizo zinazotumika mno. Iko pia namna ya kuandika matamshi kwa herufi kama zetu, inayoitwa pinyin, iliyoidhinishwa mwaka 1958. Nayo ni fimbo nzuri ya kutembelea, lakini vikaratasi vya mashine havikuandikwa kwa fimbo hiyo. Habari njema ni kwamba alama hizo si michoro ya ovyo. Zimejengwa kwa vipande. Chukua lile *jia* lililoniumbua: upande wa kushoto ni nguvu, upande wa kulia ni mdomo. Na *you*, oili, ina matone matatu ya maji ubavuni, matone yale yale utakayoyaona katika alama ya mto na ya bahari, na kipande cha pili kinakunong'oneza matamshi yake. Tena *you* ni kama "mafuta" yetu: ya kula, ya gari na ya gia, yote humo. Mtu akishajua vipande, alama haziwi tena msitu. Zinakuwa miti yenye majina.

Ugumu wa tatu ni kwamba mara nyingine tunaogopa kilicho chepesi. Vitenzi vya Kichina havibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati. Kumi na mbili ni "kumi mbili". Januari ni "mwezi wa kwanza", kama tusemavyo sisi. Na kila kitu kinachohesabiwa kina neno lake la kuhesabia: mashine huhesabiwa kwa *tai*, karatasi na meza kwa *zhang*, samaki na barabara kwa *tiao*. Wageni wengi hulia wakifika hapo. Sisi tuliozaliwa ndani ya ngeli za mtu na watu, mti na miti, kitu na vitu, tutalilia nini? Hata tofauti ya *b* na *p* ya Kichina, ambayo ni tofauti ya pumzi, haitamshangaza Mswahili wa Mombasa au Lamu, ambaye hutenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyo hiyo. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo. Kikitikisika, umetamka *p*.

Lakini jihadhari na siku za wiki! Wachina huanza kuhesabu kwa Jumatatu, ambayo kwao ni siku ya kwanza. Sisi huanza kwa Jumamosi. Mimi, kwa kusikia "siku ya tatu", nilikwenda kuusubiri mzigo Jumatatu, kumbe ulikuwa uje Jumatano. Nilipigwa na jua siku nzima kwa kosa la hesabu ya mbili.

Haya sasa, ratiba yenyewe. Niliianza Januari mwaka 2024, na imeendelea hadi leo ninapoandika.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, dakika 20 za masikio na kinywa. Tunakaa jikoni, simu inasema, mimi narudia, mama watoto anakagua. Kwa mwezi mzima wa kwanza sikuandika hata alama moja; nilijifunza toni tu. Sauti iliyoota kombo hunyooka kwa taabu.

Mchana, wakati wa mapumziko ya shule, dakika 10 za kadi. Nilikata makasha ya biskuti vipande vidogo. Upande mmoja alama, upande wa pili matamshi na maana. Kadi hukaa katika visanduku vinne, kwa utaratibu uliotangazwa na Mjerumani Sebastian Leitner katika kitabu chake cha mwaka 1972. Kisanduku cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki, cha nne kila mwezi. Kadi niliyoijua hupanda kisanduku. Niliyoikosa hurudi cha kwanza bila kusamehewa. Sababu yake ni kwamba usahaulifu una mwendo wake. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hututoka mapema sana, na kwamba kurudia kwa nafasi hukizuia kisitoke. Mkulima haimwagilii miche maji ya mwezi mzima kwa siku moja.

Jioni, kabla ya chakula, dakika 15 za mkono. Alama tatu mpya tu, kwa penseli, kila moja mara kumi, kwa kufuata mpangilio wa mistari yake. Alama tatu kwa siku ni 18 kwa wiki. Si nyingi, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Jumamosi ni siku ya ukaguzi: hakuna alama mpya, ni kuhesabu zilizobaki kichwani. Kwa sababu hiyo, ukihesabu vizuri, alama mpya zangu ni 15 kwa wiki na si 18. Nilijidanganya hivyo mwezi mzima kabla kijana wangu hajanisahihisha. Jumapili ni ya ibada, ya wageni na ya watoto.

Tena iko sheria moja juu ya sheria zote: silipi deni la jana. Ikitokea safari, ugonjwa au msiba, siku hiyo imekwenda. Kesho naendelea nilipoishia. Ratiba yangu ya kwanza iliuawa na madeni.

Je, matunda yake ni nini? Sitakudanganya. Mimi si mfasiri. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa na alama mia nne na ushei zilizokaa imara. Zilizokimbia ni nyingi kuliko hizo. Mtu akizungumza kwa haraka nabaki nikitabasamu tu.

Lakini mwezi Julai mwaka 2025 tulikuwa tumekwisha kuweka akiba tena, kwa jasho na kwa kuuza mtamba mmoja, tukaagiza giaboksi mpya. Tulikwenda Ismani pamoja. Baada ya "kamwene" na kunywa chai, shemeji akaniletea karatasi iliyobandikwa kwenye giaboksi. Safari hii hakuniita msomi. Alisema tu, "Itazame, shemeji."

Nikaitazama, moyo ukinidunda. Niliijua alama ya kwanza: *ji*, mashine. Katikati palikuwa na alama tatu nisizozijua. Kisha nikaona *bu*, ambayo ni hapana. Na mwishoni, wazi kama mchana, rafiki zangu wa zamani: *jia you*. Mashine, hapana, ongeza oili.

Furaha ilinipanda kichwani. Nikafungua kinywa kusema kwamba hii ni ya aina nyingine, ambayo haitakiwi kuwekwa oili. Watu walikuwa wamesimama wakisubiri, magunia yamepangwa, fundi ameshika spana. Mama watoto akaniuliza kwa sauti ndogo: "Alama zote unazijua?"

"Tatu sizijui."

"Basi usikisie. Ulikisia mara ya kwanza."

Nikafunga kinywa changu. Nikawaambia wale watu, mbele ya wakwe zangu, kwamba sijui, na kwamba mashine haitawashwa leo. Nakwambia kweli, ndugu msomaji, sentensi hiyo ilikuwa ngumu kuliko toni zote nne. Jioni nilikaa na kamusi. Alama moja ilikuwa na gari ubavuni: kuzunguka. Nyingine ilikuwa na jua ubavuni: wakati. Karatasi ilisema: mashine inapozunguka, ni marufuku kuongeza oili. Maana yake iongezwe kwanza, mashine ikiwa imesimama. Fundi alipofungua kizibo, aliikuta kavu kama ile ya kwanza.

Tuliijaza asubuhi. Iliwaka, na inafanya kazi mpaka leo.

Basi nikuage kwa mashauri machache, kwako wewe unayetaka kujifunza Kichina, au lugha yoyote, ukiwa mbali na vyuo. Dar es Salaam na Dodoma, vyuo vikuu vina Taasisi za Confucius tangu mwaka 2013, na aliye karibu nazo asizipuuze. Lakini aliye Mbeya, Iringa, Makete au Mufindi, mwenye kazi na familia, naye asijione ameachwa. Kwanza, chagua karatasi yako: jambo moja la kazi yako unalotaka kulisoma, na lugha ianzie hapo. Pili, pima dakika ulizo nazo kweli, si zile unazozitamani. Tatu, usijifunze ukiwa umejificha. Waulize wa nyumbani, huenda sikio unalolitafuta liko jikoni. Nne, simu ni msaidizi mzuri, lakini lazima awepo mtu wa kumkagua msaidizi huyo. Tano, ukifika mahali usipopajua, sema hupajui.

Ile karatasi nyekundu ya kwanza sikuitupa tena. Imebandikwa ukutani jikoni kwetu, juu ya kasha la kadi. Asubuhi nikichelewa kuamka, mama watoto huigonga kwa mwiko na kuisoma kwa sauti, toni ya kwanza imenyooka, toni ya pili inapanda, bila kosa lolote: "*Jia you*, baba!" Nami huamka.